Chupa ya maji si pambo la baiskeli

Huenda ukashangaa, msomaji, kuona ukurasa wa afya ukizungumzia chupa ya baiskeli na kile kidude kinachoishikilia. Pengine ulitarajia nikueleze jinsi kuendesha baiskeli kunavyosaidia moyo, uzito wa mwili na shinikizo la damu. Hayo yamesemwa mara nyingi, na ni ya kweli. Lakini tangu watu wa mijini waanze kuzipenda baiskeli za barabarani, zile nyepesi zenye tairi nyembamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, nimekuwa nikipokea kliniki wagonjwa ambao hawakuanguka wala kugongwa. Waliumizwa na maji: kuyakosa, kuyanywa yakiwa machafu, na mara mojamoja kuyanywa kupita kiasi.

Ukiwauliza, wengi wa waliokaukiwa na maji watakwambia walikuwa nayo. Hapo ndipo penye jambo. Chupa ilikuwa ndani ya mkoba mgongoni. Au ilidondoka njiani bila mwenyewe kujua. Au ilikuwa mahali pake kabisa, lakini mwenyewe aliogopa kuachilia usukani kwa mkono mmoja ili aichukue. Maji usiyoweza kuyafikia ukiwa unaendesha ni mzigo tu, na mzigo wenyewe si mwepesi, maana kila lita ni kilo moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ukinunua baiskeli ya barabarani, nunua chupa na keji siku iyo hiyo, kabla ya miwani na kabla ya zile kaptura za kubana, na uzichague kwa makini kama unavyochagua breki. (Keji ndiyo kile kizimba kidogo cha waya au plastiki kinachofungwa kwenye fremu ili kushika chupa.)

Chukua mfano wa barabara ya Magadi, ambayo waendeshaji wengi wa Nairobi huipenda Jumamosi na Jumapili. Unatoka mjini alfajiri, mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kuna baridi, na hata koti unalihitaji. Unapita Ongata Rongai na Kiserian, unafika Corner Baridi, kisha barabara inaanza kuteremka kuingia Bonde la Ufa. Upepo wa mteremko unakausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo unadhani hutoi jasho. Kufikia Olorgesailie jua limekwisha kupanda, na Ziwa Magadi lenyewe liko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Maduka ni machache, na maji ya visima vya sehemu hizo mara nyingi yana chumvi na floraidi nyingi. Halafu kuna kurudi, ambako ni kupanda mlima saa ambayo hata mbuzi wamejificha kivulini. Mtu aliyetoka nyumbani na chupa moja ya nusu lita tayari amejiingiza mashakani.

Mwili wa mtu anayefanya mazoezi hutoa jasho la kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa saa, kulingana na joto, ukubwa wa mwili na bidii yake. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo moja na nusu ya maji, moyo unalazimika kupiga kwa kasi zaidi ili kusukuma damu iliyopungua. Kichwa huanza kuuma na miguu huwa mizito. Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba akili nayo huchelewa. Mwendeshaji aliyekauka huchelewa kuona shimo, na huchelewa kuona matatu inayochepuka kuchukua abiria. Kwenye karatasi ya hospitali itaandikwa kuwa ni ajali ya barabarani, na hakuna atakayeuliza kuhusu chupa.

Akizidi kuendelea, huja kizunguzungu, kichefuchefu na mikakamao ya misuli. Ukimwona mwenzako anaongea mambo yasiyoeleweka, au anayumba na ngozi yake ina joto kali, hiyo si uchovu wa kawaida. Mwondoe juani, mmwagie maji mwilini, mpepee, na atafutiwe gari la kumpeleka hospitalini mara moja. Usimlazimishe kunywa ikiwa fahamu zimemwondoka, maana maji yataingia mapafuni.

Wanaofuatilia mashindano wanamjua Tom Simpson, bingwa wa Uingereza aliyefariki tarehe 13 Julai 1967 akipanda mlima Mont Ventoux katika Tour de France. Uchunguzi wa maiti ulikuta amfetamini na pombe mwilini mwake. Dawa hizo zilimfanya asisikie mwili ulipomwambia asimame, na siku yenyewe ilikuwa ya joto kali. Wengi wetu hatutumii dawa za kuongeza nguvu, lakini ile tabia ya kutosikia mwili tunayo, hasa tukiwa katika kundi na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuomba kusimama.

Sasa, chupa ya ukubwa gani? Usimuulize mwenye duka. Uulize mwili wako. Jipime uzito kabla ya kutoka, ukiwa umevaa nguo chache, endesha kwa saa moja kwa kasi yako ya kawaida, kisha jikaushe jasho na ujipime tena. Kila kilo iliyopungua ni sawa na lita moja ya maji. Ongeza na kiasi ulichokunywa njiani, na utapata jasho lako la saa moja. Kama huna mizani nyumbani, wale vijana wanaokaa na mizani kando ya barabara watakupima kwa pesa kidogo, mradi utumie mizani ileile mara zote mbili. Fanya hivyo siku ya baridi na siku ya jua, kwa sababu tofauti yake itakushangaza.

Si lazima urudishe kila tone papo hapo. Watu wengi hutosheka na nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Chupa za baiskeli hupatikana hasa kwa vipimo viwili: ndogo ya mililita 500 hadi 600, na kubwa ya mililita 750 hivi. Kwa safari ya kazini ya nusu saa, ndogo moja yatosha. Kwa safari ya saa mbili au zaidi, weka keji mbili na chupa mbili, hata kama ya pili itarudi imejaa.

Nina sababu nyingine ya kupendelea chupa mbili, ambayo wauzaji hawaitaji. Moja iwe ya maji matupu daima. Ukianguka na kuchubuka goti, kitu cha kwanza unachohitaji ni maji safi ya kuosha mchanga na lami kwenye kidonda. Kidonda cha barabarani kisichooshwa mapema hunipa kazi kubwa siku ya tatu, kikiwa kimevimba na kutoa usaha. Huwezi kukiosha kwa maji ya sukari.

Turudi kwenye keji, ambayo watu huipuuza kwa kuwa ni kitu kidogo. Baiskeli nyingi za barabarani zina matundu mawili ya skrubu kwenye bomba la chini la fremu, na mara nyingi mengine mawili kwenye bomba la kiti. Kati ya tundu na tundu ni milimita 64, na chupa za kawaida zina upana wa milimita 74 hivi, kwa hiyo keji na chupa za viwanda tofauti kwa kawaida huingiliana. Kinachotofautiana ni jinsi keji inavyobana. Ile ya alumini ina faida kwamba ikilegea unaikunja kidogo kwa mkono na inabana tena, ingawa ikikunjwa mara nyingi hukatika. Ile ya plastiki ngumu haikwaruzi chupa na ni nyepesi, ila ikipasuka ndiyo mwisho wake. Zile za kaboni ni za bei ya juu, na kwa mtu asiyeshindana sioni zinamwongezea nini isipokuwa sifa.

Ijaribu dukani. Tia chupa iliyojaa maji kwenye keji iliyofungwa, kisha inua baiskeli na uigongeshe chini mara kadhaa kama vile umepita kwenye matuta. Chupa ikiruka, hiyo keji si ya barabara zetu. Kisha keti juu ya baiskeli, mtu akushikie, na ujaribu kuitoa na kuirudisha bila kuangalia chini. Ikikulazimu kuitafuta kwa macho au kuivuta kwa nguvu, tafuta nyingine. Wenye baiskeli ndogo, na hapa nawafikiria hasa wanawake wengi wafupi wanaouziwa chupa kubwa isiyoweza kutoka kwa kuwa inagonga bomba la juu, waulizie keji ya kutolea chupa ubavuni. Zipo, na si ghali zaidi.

Kudondoka kwa chupa si hasara ya chupa tu. Tarehe 5 Oktoba 2020, katika mashindano ya Giro d'Italia, Geraint Thomas wa Wales, aliyewahi kushinda Tour de France mwaka wa 2018, alikanyaga chupa iliyokuwa ikibingirika barabarani hata kabla mbio za siku hiyo hazijaanza rasmi. Alianguka, ikagunduliwa kuwa mfupa wa nyonga umepata ufa, na mashindano yake yakaishia hapo. Yule ni mtu aliyezoea kuendesha katikati ya kundi tangu ujana. Fikiria basi sisi wa Jumapili, tunaofuatana gurudumu kwa gurudumu kwenye Thika Road, chupa ya mwenzetu wa mbele ikichomoka.

Ndiyo maana siipendi ile desturi ya kuchomeka chupa tupu ya soda au ya maji ya dukani kwenye keji. Ya nusu lita aghalabu ni nyembamba kuliko keji, nayo hucheza mpaka iruke. Ya lita moja haiingii. Isitoshe, kifuniko chake ni cha kuzungusha, na hicho chahitaji mikono miwili. Nimewaona vijana wakishika chupa kwa meno na kufungua kifuniko kwa mkono mmoja katikati ya magari. Chupa ya baiskeli ina mdomo unaofunguliwa kwa meno na tumbo laini unaloliminya, maji yakaruka kinywani bila wewe kuinua kichwa. Kichwa kikiinuliwa, macho hutoka barabarani.

Kwa sababu hiyo hiyo sizipendekezi zile chupa nzuri za chuma cha pua kwa kuendeshea. Zinahifadhi baridi, ni kweli, na mezani ofisini hazina mfano. Lakini haziminyiki, ni nzito, na nyingi hupiga kelele kwenye keji mpaka zikaichosha. Kama unataka maji ya baridi, nunua chupa laini yenye kuta mbili, au ijaze chupa ya kawaida nusu, uigandishe usiku, kisha uiongeze maji asubuhi. Maji ya baridi hunyweka kwa urahisi zaidi, na kunywa ndiko tunakokutaka.

Huulizwa sana kuhusu sumu ya plastiki. Geuza chupa uone namba iliyo ndani ya pembetatu chini yake. Namba 4 na 5 ni plastiki zisizotengenezwa kwa bisfenoli A, ile kemikali inayotiliwa shaka kwa kuingilia homoni za mwili. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki za kila namna, na baadhi huwa nayo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto wachanga mwaka wa 2011, na Desemba 2024 ukaamua kuiondoa katika vyombo vya chakula kwa ujumla. Chagua 4 au 5, usiiache chupa ndani ya gari lililoanikwa juani, na usiitilie uji wa moto. Zaidi ya hapo sioni haja ya kukosa usingizi.

Uchafu ndio unaonikosesha mimi usingizi. Chupa iko chini, karibu na gurudumu la mbele, na kila kinachorushwa na tairi kinaishia kwenye mdomo wake: maji ya mtaro uliofurika, mavi ya ng'ombe, tope la sokoni. Mwaka wa 2008 huko Wales, waendeshaji wengi wa mashindano ya baiskeli za milimani waliharishwa na bakteria wa Campylobacter baada ya kupita kwenye tope lenye kinyesi cha kondoo. Wale walikuwa mashambani. Hapa kwetu, Nairobi na Kisumu na Mombasa, ambako kipindupindu hakijawa hadithi ya zamani, tope la barabarani msimu wa mvua si kitu cha kuonja. Nunua chupa yenye kofia ya kufunika mdomo. Kama haina, minya maji ya kwanza yamwagike kabla ya kunywa, au paka mate ya subira usimame na uufute.

Mgonjwa wangu mmoja, mwanamume mwenye afya njema aliyekuwa akiendesha kwenda kazini Industrial Area, alikuja mara tatu kwa muda mfupi na tumbo la kuendesha. Vipimo havikuonyesha la ajabu. Mara ya tatu nilimwomba anionyeshe chupa yake. Tulipoutenganisha mdomo wake, ndani mlikuwa na utelezi mweusi wa kuvu kama ule wa bomba la choo. Alikuwa akiisuuza kila siku, lakini hakuwahi kuifungua. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyokuwa chanzo. Aliitupa, na tangu hapo hajarudi na tatizo hilo.

Kabla ya kununua, basi, hakikisha mdomo unafunguka wote na mkono wako au brashi inafika chini. Ioshe kila unaporudi kwa maji ya moto na sabuni, uitenganishe, uiache wazi ikauke kichwa chini. Mara moja kwa wiki iloweke kwenye maji yenye klorini kidogo au siki, kisha uisuuze vizuri. Usichanganye klorini na siki kamwe, hutoa gesi yenye madhara. Chupa iliyoanza kuwa na madoa meusi yasiyotoka haina thamani ya kutunzwa. Na usimpe mwenzako anywe kwa kuweka mdomo. Mminyie maji kinywani kwa mbali, hatakuona mchoyo.

Kuhusu cha kutia ndani, sina mengi. Kwa safari isiyozidi saa moja, maji safi yanatosha na vile vinywaji vya rangi ni pesa tu. Kwa saa mbili na zaidi, mwili hufaidika na sukari na chumvi kidogo. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ni mchanganyiko uleule tunaowapa wanaohara. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, au anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini, amwone daktari wake kwanza.

Wala usinywe kama anayelipwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 ulipima damu ya wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya 2002, na asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, hasa wale waliokunywa mno mpaka wakaongezeka uzito. Ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Mizani niliyoitaja itakuonyesha: ukirudi ukiwa mzito kuliko ulivyotoka, umezidisha. Kiu ni mshauri mzuri, ila ulipe nafasi ya kusikika, na mkojo wenye rangi ya manjano hafifu ni dalili njema.

Nisiwasahau wenye baiskeli za kazi, Black Mamba na jamaa zake, ambao hutoka jasho kuliko sisi wote. Fremu zao kwa kawaida hazina matundu ya keji. Tafadhali usimruhusu fundi atoboe bomba la fremu. Tundu hilo hudhoofisha chuma na siku moja fremu itakatika chini yako. Kuna vibano vya kufunga keji kwenye usukani au kwenye bomba bila kutoboa. Pia usitumie kamwe chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya mimea, hata ioshwe mara kumi.

Na kama unapenda kuendesha Karura au Hell's Gate, kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zinazohifadhiwa. Chupa ya maji ya dukani itaachwa langoni. Ya kwako ya keji itapita nawe.

Kabla ya kwenda mbali, tafuta uwanja au barabara isiyo na magari, ujizoeze kuchukua chupa na kuirudisha, mkono huu na mkono ule, mpaka usihitaji kuangalia. Kunywa mahali palipo tambarare na panyoofu, si kwenye mteremko wala mbele ya mzunguko wa magari. Na kila mwezi kagua zile skrubu mbili za keji, kwa sababu matuta huzilegeza kidogokidogo na huanza kulia kabla hazijang'oka.